Tokata na Fuga katika D ndogo: ni ya Bach kweli?

Mwandiko wa Bach mwenyewe wa kazi hii ya kinanda cha mabomba (ogani), BWV 565 katika orodha ya kazi zake, haupo. Nakala ya zamani zaidi ni ya Johannes Ringk, mwanafunzi wa mtunzi Johann Peter Kellner, nayo haina tarehe. Ringk ameweka juu yake jina la J. S. Bach, na jina hilo liliwatosha wengi tangu kazi ichapishwe mwaka 1833, hadi mtaalamu wa muziki Peter Williams alipolihoji kwa kina mwaka 1981.

Hoja za Williams zimo ndani ya noti: anaona humo mambo yasiyo ya kawaida kwa Bach. Mwanzoni mikono yote miwili inapiga wimbo uleule, ikiachana kwa oktava (noti ileile, juu na chini). Ndani ya fuga, yaani sehemu ambayo sauti huingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule, miguu inaingia na wimbo mkuu mikono ikiwa kimya kabisa, jambo ambalo ni vigumu kulipata kwenye fuga nyingine za zama zile. Sauti zinazosindikiza nazo hufuata tu kwa umbali wa noti tatu au sita. Kuna hata jibu, yaani wimbo mkuu ukirudiwa na sauti nyingine, katika C ndogo, ufunguo usiotarajiwa hapo.

Williams akapendekeza kwamba asili yake huenda ni fidla. Wimbo mkuu wa fuga hurudi kwenye noti ya A kila mara. Ukiuhamishia A ndogo, noti hiyo inakuwa E, waya wa juu wa fidla unaopigwa bila kubanwa kwa kidole. Upinde unacheza kati ya nyaya mbili kwa urahisi. Inavutia, lakini haimwondoi Bach: yeye mwenyewe aliupeleka utangulizi wa BWV 1006, muziki wa fidla, kwenye kinanda katika kantata (kazi ya waimbaji na ala) BWV 29.

Kuhusu oktava, Christoph Wolff, mtaalamu wa Bach, anajibu kwamba kinanda cha Arnstadt, alikofanya kazi Bach mwaka 1703 hadi 1707, hakikuwa na mabomba ya futi 16 kwenye kibodi za mikono. Mabomba hayo ndiyo hushusha sauti oktava moja, kwa hiyo vidole vilifanya kazi yake. Hili nalikubali. Jibu jingine, kwamba Bach “alikuwa bado kijana” alipoitunga, ni dhaifu zaidi, maana linaweza kufunika kasoro yoyote ile.

Kuhusu Ringk, wenye shaka wana kazi ngumu. Kantata ya harusi BWV 202 nayo imetufikia kwa nakala yake tu, ya mwaka 1730, na huko neno lake linakubalika. Kellner ametajwa kama mtunzi mbadala, lakini hakuna nakala ya zamani yenye jina lake.