Nyigu Hakuwa na Kosa

Wiki tatu zilizopita, Jumamosi asubuhi, nimetoka nje na kikombe cha chai, nakuta kijana ana bomba mgongoni anaupulizia dawa mkungu wa uani hadi majani yanachuruzika. Kaitwa na Baba Zuwena, jirani yangu. Viwavi wamezidi. Kweli walizidi, majani mengine yalibaki mishipa tu.

Nikamwonyesha kiwavi mmoja tawini, mgongo umejaa vitu vyeupe kama punje za mchele. "Baba Zuwena, huyu keshakufa ila hajijui."

Akacheka. "Dada, hayo si mayai yake? Yakianguliwa si balaa jingine!"

Mayai wapi! Vile ni vifukofuko vya nyigu, wale wadogo kuliko sisimizi. Mama yao alimdunga kiwavi akamtagia ndani, watoto wakamla taratibu, wakatoboa ngozi wakatoka kujisukia vifuko. Wakombozi wamefika, sisi tunawamwagia sumu. Hongera zetu.

Kinachoniudhi ni haraka. Nyigu huja nyuma siku zote, maana bila viwavi wengi hana pa kutagia. Akishapata anaongezeka, anawafyeka, kisha njaa inampunguza naye, na viwavi wanaanza upya. Kwenye milima ya Alps, Uswisi, kuna nondo wa miti ya jamii ya misonobari ambaye kila miaka 8 hadi 10 viwavi wake walikuwa wakifurika mpaka msitu unageuka kahawia, halafu kimya. Pete za miti, yale maduara ya ukuaji ndani ya shina, zimetunza kumbukumbu hiyo kwa zaidi ya miaka 1,000. Haya, shingo upande nakubali si nyigu peke yake: mti ulioliwa sana huchipua majani mabovu mwaka unaofuata, kiwavi akakosa afya.

Lakini vidukari wa misaipresi, wale wadudu wanaofyonza utomvu wa mti huo, je? Waliingia Malawi 1986, Tanzania 1988, Kenya 1990, adui zao wakabaki kwao. Miti ilikauka. Ikabidi nyigu wa kuwaua atafutwe ng'ambo, akaachiliwa Malawi mwaka 1994. Wenzetu wanamsafirisha nyigu kwa gharama, sisi tunamlipa kijana amuue.

 

Jana viwavi wamerudi mkunguni. Nimewageuza mmoja mmoja kwa kijiti. Migongoni hamna kitu. Baba Zuwena keshampigia simu kijana wa bomba.