Tamasha la "wadau", hela za nani?

Nitaje upande wangu mapema tusije tukanuniana: serikali kutoa hela kwenye tamasha la muziki si kosa. Ninachokipinga ni mlango ambao hela hizo hupitia huku kwetu Kusini.

Ugomvi wenyewe mnaujua. Likitajwa tamasha kubwa Mtwara, ikisikika tu kwamba mkoa au halmashauri "inashirikiana" na waandaaji, kijiweni watu wanagawanyika. Kuna wanaouliza madawati, na zahanati yenye muuguzi mmoja. Siku hizi wanaongeza na barabara, maana Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, Kilwa, na sisi wa Lindi na Mtwara tukakaa siku kadhaa tumetengwa na Dar es Salaam. Wenzao wanajibu kwamba bodaboda watapata, mama lishe watapata, gesti zitajaa, mji utatajwa.

Hoja ya madawati naiheshimu, ila haijawahi kunishawishi. Ukiifuata mpaka mwisho, serikali isingejenga hata uwanja wa mpira mpaka dawati la mwisho lipatikane. Halafu tunaitumia kwa kuchagua. Mwaka 2023 Mwenge wa Uhuru ulizinduliwa hapa hapa Mtwara, na sikumbuki kijiwe chetu kikihesabu madawati siku zile. Hoja ya gesti nayo ni nusu kweli. Gesti zinajaa, ndiyo, usiku mmoja au miwili. Lakini jukwaa, spika, taa, jenereta, msanii na watu wake, vyote vinashuka kutoka Dar na vinarudi Dar na hela yao. Kinachotubakia ni ya chipsi na mishikaki.

Wafanyabiashara wa muziki wenyewe hawahitaji kubembelezwa kuja. Angalieni kalenda: matamasha yanatuangukia kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, na ikifika mwezi wa tatu hakuna anayetukumbuka. Novemba 2018 Wasafi Festival ilianzia safari yake hapa kwetu, uwanja wa Nangwanda Sijaona. Mwezi huo huo Rais Magufuli alikuwa ameagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, JWTZ wakaingia kazini kuzibeba, na wakulima wengi walikuwa bado wanasubiri malipo. Hata mwaka mgumu kama ule waandaaji waliona Mtwara ndiko pa kuanzia. Tamasha la namna hiyo lina tiketi na lina wadhamini wakubwa. Sioni kwa nini liongezewe na ya halmashauri.

Maana hela ya halmashauri huku ni korosho. Ushuru wa mazao, ile asilimia 3 anayolipa mnunuzi, ndiyo tegemeo la Tandahimba, Newala, Masasi na nyinginezo. Kwa hiyo mzee mwenye mikorosho yake kule Mahuta ana haki ya kuuliza kuhusu shoo, hata kama usiku huo alikuwa amelala zake.

Sasa muulize afisa. Atakwambia halmashauri haijatoa hata senti, ni wadau wamechangia. Na pengine hasemi uongo, hapo ndipo pananikera. Barua inaandikwa, ina nembo, ina mhuri, inaomba mchango wa "kufanikisha shughuli ya mkoa wetu". Inakwenda kwa mwenye kituo cha mafuta, mwenye hoteli, mwenye ghala, mwenye duka la jumla, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Haisemi ni lazima. Haina haja ya kusema. Mwenye hoteli anajua leseni yake inahuishwa wapi, anajua ni nani watakaokuja mwezi ujao kukagua vyoo na mitungi ya kuzimia moto. Anatoa. Huyu anatoa dizeli, yule vyumba, mwingine katoni za maji, na asiye na kitu anatoa visingizio huku roho ikimdunda. Ni mchango wa harusi ambao mwenyekiti wa kamati ndiye bosi wako kazini.

Hela hiyo haikupita kwenye baraza la madiwani. Haina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti. Haikukatiwa kontroo namba, wakati mama wa karanga sokoni haponi bila risiti. Mkaguzi wa CAG akija anafungua vitabu, na humo haimo. Ukisema ni hela ya serikali, unaambiwa ni ya wadau. Ukikubali kwamba ni ya wadau, mbona jukwaani anashukuriwa mgeni rasmi? Na mwenye duka la jumla hakutoa sadaka. Atairudisha kidogo kidogo kwenye bei ya sukari. Kama kilichochangia ni chama cha msingi, basi aliyelipa ni mzee yule yule wa Mahuta, bila kuulizwa.

Kwa hiyo anayepiga kelele kwamba "serikali imefuja hela kwenye muziki" anashindwa kuthibitisha, na anayesema "serikali haikutoa kitu" naye hawezi kuthibitisha. Tunabishana gizani, na waliotuzimia taa wanajulikana.

Wales, kule Uingereza, walikuwa na ugomvi wa aina hii, lakini wao walikuwa na taa. Mwaka 2022 serikali yao ilinunua shamba liitwalo Gilestone kwa pauni milioni 4.25, kwa nia ya kulisaidia tamasha la muziki la Green Man. Watu wakaja juu: haraka ya nini, na mpango wa biashara uko wapi? Mkaguzi akaliangalia suala hilo, kamati ya bunge ikahoji, na mwanzoni mwa 2024 serikali ikaachana na mpango wa kuwapa waandaaji shamba hilo. Sababu iliyotajwa ni ndege mla samaki, wa jamii ya tai, aliyejenga kiota karibu. Unaweza kucheka, mimi nilicheka. Lakini bei iliandikwa, ofisi iliyonunua ilijulikana, na mwananchi aliyekasirika alikuwa na karatasi ya kushika mkononi.

Wapo watakaoniambia dawa basi ni serikali isitoe kabisa. Hapana. Sauti za Busara, tamasha la muziki la Zanzibar, ilianza 2004, imeipa Ngome Kongwe jina duniani, na bado mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Kwa miaka mingi imeegemea wafadhili wa nje. Hapa Mtwara tuna tamasha la MaKuYa, linaloandaliwa na shirika la ADEA, ambalo jina lake ni Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa pamoja. Pale ngoma za sindimba na ngongoti hazipambi shughuli ya mtu mwingine. Shughuli ni yao. Kitu kama hicho hakijilipi kwa tiketi, na mpiga ngoma wa Newala hana kampuni ya simu nyuma yake. Hapo ndipo ningependa hela ya umma iende, tena mchana kweupe.

Tunachokiona ni kinyume. Kikundi cha ngoma kinaitwa saa nane mchana kumpokea mgeni rasmi. Wanacheza juani, wanapewa nauli na soda, wanaambiwa washuke haraka vyombo vinataka kujaribiwa. Usiku anapanda kijana aliyelipwa nusu kabla hajaondoka Dar, anaruka juu ya pleibeki, anapokea nusu iliyobaki. (Hata Harmonize, mtoto wetu wa huku huku, simtaki kwa hela ya barua. Akija kwa tiketi nitakata, na nitafika mapema.)

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na madiwani hukaa juu ya bajeti miezi kadhaa kabla. Kama wakubwa wanaona Mtwara au Lindi inahitaji tamasha, waliandike humo: kiasi gani, kwa kasma ipi, na vikundi vya ngoma vitalipwa ngapi. Mkataba na mwandaaji ubandikwe kwenye ubao wa matangazo pale halmashauri. Madiwani wakilikataa, likataliwe, na sisi wapenda muziki tuingie mfukoni wenyewe. Ila barua zenye mhuri zikome. Mwenye hoteli akitaka kudhamini, aende kwa mwandaaji mwenyewe, wapatane, alipe, apewe risiti na atundike bango lake.