Kaleköy: utulivu wa bandari na anayeulipia

Afrika Mashariki wengi tunaijua Uturuki kwa Istanbul: nguo za jumla, misikiti mikubwa, ndege ya kuunganisha. Pwani ya kusini, mkoa wa Antalya, ni habari nyingine kabisa. Kaleköy, kijiji kinachotazamana na kisiwa cha Kekova, hakifikiki kwa gari. Unapanda boti Üçağız, kijiji jirani, au unatembea kwa kufuata Njia ya Lycia, njia ndefu ya miguu inayopita pwani hii. Nyumba za mawe zimepanda kilima hadi kwenye ngome, na ndani ya ngome mna ukumbi mdogo wa maonyesho uliochongwa mwambani. Kaburi la mawe la Walycia, watu wa kale wa pwani hii, limesimama majini, karibu na gati. Ng'ambo, kando ya kisiwa, ngazi na kuta za mji wa kale zimezama baharini tangu matetemeko ya ardhi ya karne ya 2 baada ya Kristo.

Utulivu huo haukujileta wenyewe. Mwaka 1990 Kekova ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi maalumu, na magofu yake yana ulinzi wa sheria ya mambo ya kale. Kuogelea juu ya mji uliozama ni marufuku. Ujenzi umebanwa, hoteli ya ghorofa haina nafasi. Anayeona masharti haya yamezidi aitazame Bodrum, ambayo zamani ilikuwa mji mdogo wa wavuvi na wapiga mbizi wa sifongo. Leo nyumba za likizo zimefunika vilima vya rasi yake, moja juu ya nyingine. Hoja ya watetezi wa hifadhi ni nzito: kilichojengwa hakibomolewi kirahisi, na kaburi la miaka zaidi ya elfu mbili likivunjika halirudi.

Lakini kuna mwenye nyumba. Mgeni anapiga picha ukuta wa mawe na kuondoka. Mwenyeji ndiye anayeishi ndani yake. Kuongeza chumba kwa ajili ya mtoto aliyeoa, au cha kupangisha wageni, kunahitaji idhini ya bodi ya hifadhi. Na msimu wa wageni ni mfupi, majira ya baridi hayaleti kitu. Kumwambia mtu huyu ajivunie urithi wake bila kumwachia njia ya kuuishi ni kumdhulumu.

Kinachonikera zaidi ni boti za matembezi ya siku. Zinatoka Kaş na Demre, miji ya pwani hiyo hiyo, zimejaa watu, chakula cha mchana kinapikwa humo humo, abiria wanashuka kijijini kwa muda mfupi, wanapanda ngome, wananunua aiskrimu, basi. Kelele na nanga zinabaki na kijiji, sehemu kubwa ya nauli inarudi ilikotoka. Wanaodai sheria ilegezwe ili kijiji kipate kipato wanaelekeza lawama pasipostahili. Vyumba vichache vilivyopo vingeweza kulisha familia nyingi zaidi endapo wageni wangelala, wakala kwa wenyeji, na kila boti ya siku ikatozwa ada inayobaki kijijini.

Kwa hiyo masharti ya ujenzi yabaki, ila ukarabati wa nyumba za wakazi upewe njia fupi ya vibali. Na wewe unayepanga likizo, nenda Mei au Oktoba, chukua chumba kwa mwenyeji, ulale usiku mbili au tatu. Jioni boti za Kaş zikishaondoka, ndipo utakapopata nafasi ya kuzungumza na waliokukaribisha.