Bomba Uani, Maji Yanazama: Huduma za Kijiji cha Wakulima India

Tarehe 28 Aprili 2018 serikali ya India ilitangaza kwamba vijiji vyote nchini vimepata umeme, cha mwisho kikiwa Leisang katika jimbo la Manipur. Kwa kanuni iliyotumika, kijiji kilihesabiwa kuwa na umeme pale ulipofika katika majengo ya umma, kama shule na ofisi ya baraza la kijiji, na katika asilimia 10 tu ya kaya. Wapo waliobeza hesabu hiyo, na hawakukosa hoja. Hata hivyo, nyaya zikishafika kijijini, kuunganisha nyumba zilizobaki huwa kazi nyepesi zaidi, na mpango mwingine ulioanzishwa mwaka 2017 ulijielekeza kwenye nyumba hizo.

Ni haki kukiri kwamba mengi yamebadilika. Barabara zilizojengwa chini ya mpango wa mwaka 2000 zimerahisisha safari ya mgonjwa na ya maziwa yanayopelekwa sokoni. Mwaka 2019, mpango wa kitaifa wa kupeleka maji ya bomba vijijini ulipoanza, takriban kaya 17 katika kila 100 za vijijini ndizo zilizokuwa na bomba. Tangu hapo mamilioni ya kaya yameunganishwa. Kwa mwanamke aliyekuwa akijitwika mitungi kila alfajiri, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Wasiwasi wangu uko chini ya ardhi. Vijiji vingi vya India hunywa maji yatokayo ardhini, na maji hayo hayo ndiyo yanayomwagilia mashamba kwa pampu za umeme. Jimbo la Punjab linaonyesha hatari hiyo waziwazi. Wakulima wa huko walianza kupewa umeme wa bure wa kumwagilia mwaka 1997, na serikali kuu hununua mpunga na ngano yao kwa bei iliyotangazwa mapema. Mkulima anayelima mpunga katika mazingira hayo hafanyi ujinga. Anafuata zao lenye mnunuzi wa uhakika. Matokeo yake ni kwamba maji yanayovutwa ni mengi kuliko yanayorudishwa na mvua, visima vinazidi kuchimbwa kwenda chini, na mwenye mtaji mdogo ndiye wa kwanza kukaukiwa. Sheria ya mwaka 2009 iliyochelewesha upandikizaji wa mpunga hadi Juni ililenga kuokoa maji, lakini pia ilibana muda kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano, na wengi wanaona kwamba ilichochea uchomaji wa mabua.

Wanaotetea umeme wa bure husema kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mashamba ya India hayafiki hekta mbili, na kuyatoza kungewaangamiza wakulima ambao tayari wanadaiwa. Naikubali hoja hiyo kwa nusu. Mwenye ekari nyingi na pampu kubwa hunufaika kuliko wote, ilhali kibarua asiye na shamba hanufaiki kabisa. Ingekuwa haki zaidi kumpa mkulima ruzuku yake kwa fedha taslimu ili alipie umeme wake mwenyewe, anayebana matumizi ya umeme akabaki na salio, na serikali ikanunua mtama na kunde kwa uhakika ule ule wa mpunga.

Kijiji cha Hiware Bazar, katika eneo kame la Maharashtra, kilichukua njia nyingine chini ya Popatrao Pawar, aliyechaguliwa kukiongoza mwaka 1989. Wakazi walijenga makinga-maji kwa nguvu zao, wakakataza visima virefu vya kumwagilia pamoja na mazao yanayokunywa maji mengi kama miwa, na kila mwaka hupima maji yaliyopo kabla ya kuamua nini kipandwe. Maji ya watu na mifugo hutengwa kwanza. Udhaifu wa mfano huu ni kwamba umeegemea sana kiongozi mmoja na utii wa jamii ndogo, na makatazo ya namna hii yanaweza kumwumiza asiye na sauti barazani.

Hata hivyo, naupa uzito kuliko takwimu za mabomba, kwa sababu unaanza na swali la maji yatatoka wapi. Mpango wa kitaifa nao ungepaswa kukagua mabomba mwezi Mei, kabla ya mvua za monsuni, visima vinapokuwa katika hali yake mbaya kabisa, na bomba lisilotoa maji wakati huo lisihesabiwe.