Mkutano wa Mtaa Wapitisha Pilau

Mikutano ya mtaa ina ajenda nyingi kwenye karatasi, lakini inayoleta watu ni moja: Mengineyo. Hapo ndipo anapotajwa mbuzi aliyekula mchicha wa jirani, na maji ya kufulia yanayomwagwa njiani, na mtu anayejijua kabisa kuwa anasemwa yeye.

Mtaa wetu uko hapa Tanga mjini. Jina lake nalihifadhi kwa sababu bado nakaa humo humo.

Shida ni kufika hapo kwenye Mengineyo. Kwanza usomwe muhtasari wa kikao kilichopita, neno kwa neno, na tuna mzee mmoja ambaye watoto wa mtaani wamembatiza Mzee Marekebisho. Kuna siku muhtasari ulisema "alilalamika" kuhusu taka. Akasimama: yeye hakulalamika, aliuliza. Akina mama wa upande wa pili wakasema ulilalamika, tulikusikia, hata koo ilikukauka. Ikaandikwa "aliuliza kwa kulalamika". Akakataa. Ubishi huo nao ukaingia kwenye muhtasari, ukaja kusomwa kikao kilichofuata, ukabishaniwa upya. Taka zenyewe zilikuwa palepale, zimeota mpapai.

Baada ya uchaguzi wa Novemba 27, 2024 tukapata mwenyekiti mpya, na haukupita muda tukaletewa na mtendaji mpya, kijana mwenye saa kubwa mkononi. Akasema mambo ya kusomeana basi. Ajenda ziwe chache, kila moja na dakika zake. Muhtasari uwe jedwali: azimio, mhusika, tarehe ya mwisho. Ugawiwe, kila mtu asome mwenyewe, uthibitishwe, twende mbele. Mimi ni mjumbe wa kamati, na kwa kuwa nina mwandiko, nikawa mkono wake wa kulia. Kusema haki, mpango ulikuwa mzuri. Mpaka leo nautetea.

Jedwali tulichorewa na kijana mmoja mwenye kibanda cha steshenari. Tusichojua ni kwamba alilipenda, akawa anamchorea jedwali hilohilo kila mwenye kikao: vikoba, timu ya mpira, kamati za harusi.

Asubuhi ya mkutano mkuu nikaenda kuchukua nakala. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi, mashine inakohoa, watu wamejaa mpaka barazani. Kijana akanirushia bahasha ya kaki juu ya vichwa vya wateja. "Muhtasari huo, mjumbe! Hela utaleta baadaye." Nikapanda baiskeli, maana saa nne ilishapiga.

Chini ya mwarobaini watu wameshakaa. Karatasi zikagawiwa. Jua lilikuwa la Tanga lile la kaskazi, kwa hiyo karatasi zikaanza kazi ya kupepea. Waliosahau miwani wakazitazama kwa heshima, wakazikunja.

"Ndugu wananchi, mmeusoma muhtasari?"

"Tumeusoma!"

"Una marekebisho?"

Mzee Marekebisho juu. "Mwenyekiti, kwenye mahudhurio jina langu halimo. Na mimi kikao kile nilikuwepo, tena nilikaa mbele."

Nilimwona mtendaji anatazama saa. "Liongezwe," akasema. Likaongezwa kwa peni. Mwenyekiti akatia saini, muhuri ukapigwa, pah, wino wa bluu ukang'aa. Akatukumbusha na utaratibu mpya: kilichothibitishwa hakifunguliwi tena mpaka kikao kijacho. Makofi.

"Yatokanayo," mtendaji akasoma kwa sauti. "Azimio la kwanza. Wanunuliwe ng'ombe wawili kutoka Handeni. Mhusika: mjomba."

Kimya.

"Azimio la pili. Turubai lifungwe katikati ya barabara kuanzia Alhamisi." Sauti ikaanza kumpungua. "Azimio la tatu. Kila mjumbe akamilishe ahadi yake, shilingi 50,000..."

Mama mmoja nyuma akapaza sauti: "Ndiyo maana taka hazizolewi! Hela mnanunulia ng'ombe!" Mwingine akamjibu kuwa yeye tangu aanze kuhudhuria hajawahi kusikia azimio la maana kama lile la kwanza, asipingwe mtu. Na mjomba ni nani? Kila mtu akamgeukia mwenyekiti, ambaye kwa bahati mbaya ana wapwa wengi.

Hapo bodaboda ikafunga breki. Akashuka mama mmoja wa mtaa huohuo, dera la kijani, bahasha ya kaki mkononi, hasira zimemtangulia.

"Nani kaandika humu kwenye harusi ya mwanangu kwamba ngoma mwisho saa sita, na mimi nizibue mtaro?"

Tukaelewana wote kwa pamoja. Mtendaji akanyoosha mkono wabadilishane. Yule mama akaipokea karatasi yake, akaigeuza, akaona muhuri. Hasira zote zikayeyuka.

"Huu si muhuri wa serikali?"

"Mama, samahani, karatasi hiyo imepitishwa kimakosa..."

"Imepitishwa na nani?"

"Na mkutano mkuu."

"Kuna aliyepinga?"

Mtendaji akanyamaza. Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji sidhani kama ina kifungu cha pilau, na utaratibu wa kutofungua kilichothibitishwa alikuwa ameuleta yeye mwenyewe. Kikao kijacho kilikuwa baada ya harusi. Mama akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akapanda bodaboda.

Alhamisi turubai likafungwa katikati ya barabara.

Jioni yake mama akapita nyumba kwa nyumba na mweka hazina wake, akisoma majina ya wajumbe. Kwa Mzee Marekebisho wakamkuta barazani na kahawa yake.

"Shikamoo mzee. Hapa tunakudai elfu hamsini."

"Marahaba. Mimi si mjumbe wenu, jina liliongezwa tu."

"Liliongezwa kwa ombi la nani?"

Mzee akainamia kikombe, akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu ishirini na tano. Mweka hazina akazihesabu, akalamba peni.

"Haina neno, baba. Nusu iliyobaki tunaiweka kwenye yatokanayo."