Kigae cha Kilwa shingoni

Maji yakitoka Kilwa Kisiwani, ufukwe unabaki umetapakaa vigae: vingi vyekundu, vya vyungu vya kupikia, na hapa na pale kimoja cha kijani, kipande cha bakuli la Uchina. Kisugue kwa kidole, utaelewa kwa nini sonara anakitamani. Kikizungushiwa fedha na kutiwa kwenye mkufu, shanga za dukani hazikifikii.

Wanaotetea kazi hii wana hoja, nami siipuuzi. Kigae kilichopigwa na mawimbi kimeshatoka kwenye tabaka la udongo kilimofukiwa, na bahari itazidi kukisaga. Vijana nao wanahitaji riziki. Tena wazee wa pwani hii walipamba kwa vyombo hivyohivyo. Waliyapachika mabakuli ya kigeni kwenye kuta na makaburi. Hata London, waokotaji wa kingo za mto Thames hupewa kibali, ila chenye umri wa zaidi ya miaka 300 wanatakiwa kukiripoti.

Tatizo ni kwamba bei haiishii ufukweni. Vya majini vikipungua, mwenye jembe atakwenda kuchimba kwenye magofu ya mji wa kale, na huko ndiko kwenye hasara yenyewe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa miaka ya 1960, vigae vya namna hii vilimsaidia kujua umri wa majengo: ukikuta bakuli la karne ya 14 limefukiwa chini ya sakafu nzima, basi sakafu hiyo haikutangulia karne hiyo. King'oe kipande hicho, na sakafu inakuwa bubu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 nayo inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863.

Mimi nasema viachwe, hata vya ufukweni. Ufundi wenyewe, hata hivyo, naupenda na nataka uishi. Pwani yetu ilipokea sahani za maua za bibi zetu kutoka Ulaya, zikiwemo za viwanda vya Maastricht, Uholanzi. Zikivunjika, hapa Lindi au kule Mikindani, huishia jalalani. Za baada ya mwaka huo wa 1863 ndizo za kuokota. Fundi azikate kwa maji, maana vumbi lake huharibu mapafu na rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Kisha amwambie mnunuzi sahani ilikuwa ya nyumba ipi, na ilipakuliwa pilau ya harusi ya nani.