Vyeti tunapewa, vikao tunavisikia vimeshapita
Kuna mwandishi anasema wakazi wa Dar hatuonekani kwenye baraza la madiwani mpaka siku ya kugawa vyeti vya pongezi, eti hatuna mwamko. Nakataa. Baraza hukaa kila robo mwaka, siku ya kazi, na huku kwetu tangazo hubandikwa ubaoni chini ya karatasi za mnada. Mama ntilie ataacha sufuria jikoni saa nne asubuhi akamsikilize diwani? Jirani yangu, mfagiaji wa barabara, alipewa cheti cha usafi. Mjumbe alimpigia simu usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kakitia kwenye fremu, na anastahili. Ila mtaro anaouzibua kila masika hauna mfuniko hadi leo, na hoja hiyo hakuna aliyemuuliza. Wenzangu wa Temeke na Ubungo, nyie mnatangaziwaje?